Mtakatifu Yohane wa Msalaba: Mashairi Yaliyotungwa Gizani

Kila tarehe 14 Desemba Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Yohane wa Msalaba, padre Mkarmeli na Mwalimu wa Kanisa. Tumezoea kumsoma kama mwalimu wa sala. Leo tumtazame kama mshairi, kwa maana namna mashairi yake yalivyozaliwa ndiyo iliyoyapa sura yake.

Alizaliwa mwaka 1542 huko Fontiveros, Hispania. Baba yake, mfumaji wa nguo, alifariki mapema, na familia ikaonja ufukara. Akiwa kijana alihudumia wagonjwa hospitalini Medina del Campo huku akisoma kwa Wajesuiti. Mwaka 1563 aliingia utawani, akasoma Salamanca, na mwaka 1567 akapadrishwa. Mwaka huohuo alikutana na Mtakatifu Teresa wa Avila, aliyekuwa akiwarudisha Wakarmeli kwenye maisha magumu ya mwanzo, naye akajiunga na kazi hiyo.

Matengenezo hayo yalizua ugomvi. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1577 watawa wenzake walioyapinga walimkamata, wakampeleka Toledo na kumfungia katika chumba chembamba cha konventi yao. Mwanga uliingia kupitia tundu dogo juu ukutani. Chakula kilikuwa haba, naye alichapwa viboko mbele ya jumuiya. Alikaa humo zaidi ya miezi minane.

Mwanzoni hakuwa na karatasi, hivyo alitunga kichwani. Hapa sisi tuliokulia kwenye ushairi wa vina na mizani tunamwelewa upesi. Alichagua ubeti mfupi wa mishororo mitano, yenye mizani 7 au 11, na vina viwili tu vinavyopokezana. Ubeti wa namna hiyo hukaa kichwani, huimbika gizani, nao hurekebishwa bila wino. Baadaye mlinzi mwingine mwenye huruma alimpatia karatasi, naye akaandika yale aliyokwisha kuyahifadhi.

Humo ndimo zilimozaliwa beti nyingi za Wimbo wa Kiroho. Kwa kufuata Wimbo Ulio Bora, bibi arusi anamtafuta mpenzi aliyejificha, akipita milima, mito na mabonde. Mfungwa asiyeona hata mti mmoja aliijaza nafsi yake uumbaji wote wa Mungu. Waliomfunga hawakupewa hata mshororo wa lawama. Uchungu alikuwa nao. Ila kila alichokitunga alikigeuza kuwa sala.

Agosti 1578 alitoroka kwa kushuka dirishani akitumia vipande vya blanketi vilivyofungwa pamoja, akafichwa na masista Wakarmeli wa mjini humo. Kuanzia hapo mashairi yake yakawa mali ya jumuiya. Masista wa Beas waliyanakili, wakayaimba, wakamuuliza maana yake. Siku moja alimuuliza sista mmoja anasali vipi. Sista akajibu kwamba hutazama uzuri wa Mungu na kuufurahia. Jibu hilo lilimgusa Yohane hata akaongeza beti tano za mwisho katika Wimbo wake.

Ufafanuzi wake nao ulitokana na kuombwa. Kwa ajili ya shairi la Usiku wa Giza, lenye beti nane, alianza vitabu viwili. Vyote viwili vinakatika wakati beti nyingi bado hazijafafanuliwa. Mwalimu huyo wa teolojia aliliacha shairi liseme zaidi ya maelezo yake mwenyewe.

Mwaka 1591 alivuliwa madaraka, na uchunguzi wa kumchafulia jina ukaanza. Kwa hofu, watawa wengine waliziteketeza barua zake. Alifariki Úbeda tarehe 14 Desemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 49. Maandiko yake yalichapwa mwaka 1618, lakini bila Wimbo wa Kiroho. Huo ulichapwa kwa Kihispania mwaka 1627. Kwa muda wote huo ulihifadhiwa kama ulivyoanza: katika kumbukumbu, katika nakala za mkono, na midomoni mwa watu wanaosali. Sisi tunaosali Zaburi kila siku katika Liturujia ya Vipindi tunaweza kumwomba neema hiyo: kuliweka neno moyoni kabla ya kuliweka kwenye karatasi.