Walter Rodney na Utafiti wa Uhusiano wa Mataifa

Mwalimu anayepangiwa kazi Nyamisati, katika delta ya Rufiji, aweza kudhani kwamba uhusiano wa mataifa ni mambo ya mabalozi yasiyomhusu. Maisha ya Walter Rodney yanatufundisha vinginevyo.

Rodney alizaliwa tarehe 23 Machi, 1942, mjini Georgetown, Guyana. Baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo. Alihitimu Chuo Kikuu cha West Indies, Jamaika, mwaka 1963, kisha akaenda London kufanya utafiti wa shahada ya udaktari.

Alichagua pwani ya Guinea ya Juu, Afrika ya Magharibi, nchi ya mito na mikoko kama Rufiji. Alitaka kujua jinsi biashara na Wazungu, hasa ya watumwa, ilivyowageuza watu wa pwani ile kati ya mwaka 1545 na 1800. Somo moja lisingetosha. Jiografia ilionyesha njia za bidhaa. Uchumi, nani aliyefaidika. Elimu ya jamii, jinsi watawala walivyoshirikiana na wafanyabiashara. Kwa kuwa kumbukumbu nyingi zilikuwa za Kireno, alijifunza Kireno. Alitunukiwa shahada mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 24.

Mwaka huo alikuja kufundisha Dar es Salaam. Mwaka 1968 alifundisha Jamaika, lakini mwezi Oktoba serikali ya huko ilimpiga marufuku. Alirejea Dar es Salaam mwaka 1969, akabaki hadi 1974. Kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972. Wako waliokikosoa, lakini kingali kinasomwa. Aliuawa kwa bomu mjini Georgetown tarehe 13 Juni, 1980.

Mwalimu wa Nyamisati naye aweza kufuata njia hiyo. Zamani boriti za mikoko ya Rufiji zilipakiwa majahazini hadi Arabuni, kujengea nyumba. Je, biashara hiyo iliwaletea nini wakazi wa delta, na iliwaondolea nini? Katika Jiografia wanafunzi wachore safari ya jahazi. Katika Hisabati wahesabu boriti kwa korija. Katika Sayansi watambue aina za mikoko. Katika Historia wawaulize wazee kwa adabu. Mwishowe walinganishe majibu, hasa yanapopingana.

Swali litangulie, masomo yafuate. Mwalimu akianza bila swali, darasa litakusanya habari nyingi zisizojibu kitu.