Daktari wa Amani na vidudu vyenye rangi

Ukipanda kutoka Muheza hadi Amani, kule Usambara Mashariki, unafika mahali alipowahi kufanya kazi mmoja wa madaktari maarufu kuliko wote duniani, Robert Koch. Maisha yake yana somo kwako, hasa kama nyumbani kuna mtu anayeishi na VVU.

Koch alizaliwa Ujerumani mwaka 1843. Alianza kama daktari wa wilaya, akichunguza damu ya mifugo kwa hadubini nyumbani kwake. Mwaka 1876 alionyesha kwamba kimeta huletwa na bakteria. Baadaye aliona madoa ya rangi mbalimbali yameota juu ya kipande cha kiazi cha kuchemsha. Mwingine angekitupa. Yeye alipima doa moja moja, akakuta kila doa ni vidudu vya aina moja tu. Hapo akapata njia ya kuotesha kidudu kimoja peke yake. Mwaka 1882 alitangaza kidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1906 alikuwa Amani, kabla ya kwenda visiwa vya Ssese, Uganda, kupambana na malale. Huko aliwatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Vimelea vilitoweka kwenye damu, lakini kwa baadhi ya wagonjwa vikarudi. Koch akaongeza dozi. Wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka, na macho yao hayakupona tena. Alifariki mwaka 1910.

Yapo mambo mawili ya kuchukua hapo: rangi, na dozi.

Yuko fangasi wa jamii ya hamira aitwaye kriptokokasi. Hukaa kwenye kinyesi cha njiwa na kwenye udongo, nasi humvuta kwa pumzi. Mwenye kinga imara kwa kawaida hadhuriki. Kinga ikishuka sana, fangasi huingia kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1962 mtafiti Mjerumani aitwaye Staib aliona kwamba fangasi huyu akioteshwa kwenye mbegu fulani za mafuta za Ethiopia hugeuka kahawia. Maabara zikapata njia ya kumtambua kwa rangi, kama Koch na kiazi chake.

Rangi hiyo ni melanini, jamaa ya ile iliyo kwenye ngozi na nywele zetu. Ndani ya ubongo, fangasi huitengeneza kwa kutumia dopamini, kemikali ya mwili wako mwenyewe, kisha huitandaza kwenye ukuta wake. Amfoterisini, dawa kali tunayoitegemea, huua kwa kutoboa utando ulio chini ya ukuta huo. Melanini huinasa dawa njiani, ikafika kidogo. Hii ni sababu mojawapo ya fangasi huyu kuwa mgumu kufa, na ya tiba kuhitaji dawa zaidi ya moja na miezi mingi.

Kwa hiyo mgonjwa akiona kichwa bado kinauma, asijiongezee vidonge wala asiazime flukonazoli ya jirani. Dozi kubwa haivui koti la fangasi, ila inaweza kuumiza ini na figo. Arudi hospitali apimwe upya. Vilevile asiache dawa kwa sababu tu amepata nafuu.

Kama unaishi na VVU na kichwa kinauma kwa siku kadhaa, una homa, kutapika, shingo kukakamaa au kuona vitu viwili viwili, usisubiri tarehe yako ya kliniki. Nenda leo. Kama CD4 zako ziko chini ya 200, ulizia CTC kipimo cha kriptokokasi hata kama hujisikii kuumwa. Ni cha damu, na majibu hutoka kwa dakika chache.

Koch hakuwa na kipimo hicho wala dawa hizi. Wewe unavyo, vitumie mapema.