Zena Marshall: Mzaliwa wa Nairobi aliyemtega James Bond

WAPENZI wa filamu za jasusi James Bond katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi wanamfahamu kwa sura. Ni yule mwanamke wa nywele nyeusi na macho makali anayemwalika 007 nyumbani kwake mlimani, huku akijua fika kwamba wauaji wanamvizia njiani. Katika hadithi anaitwa Miss Taro. Jambo ambalo wengi hawakulijua, hata baada ya kuitazama filamu hiyo mara nyingi, ni kwamba mwigizaji huyo alizaliwa papa hapa Nairobi.

Jina lake kamili lilikuwa Zena Moyra Marshall. Alizaliwa siku ya Mwaka Mpya, Januari 1, 1926, akafariki jijini London mnamo Julai 10, 2009, akiwa na umri wa miaka 83. Kati ya tarehe hizo mbili aliigiza katika filamu nyingi za Uingereza, akavishwa mataifa ya watu wengine takriban katika kila hadithi, na akaingia katika historia ya sinema kwa dakika chache tu za filamu moja.

Nairobi aliyozaliwa haikuwa jiji bado. Ulikuwa mji wa reli wenye umri wa miaka 27, makao makuu ya koloni lililokuwa chini ya Gavana Edward Grigg. Wazungu waliishi magharibi na kaskazini, kwenye miinuko yenye hewa safi na miti ya vivuli. Wahindi walijenga Ngara na Parklands. Waafrika walisukumwa mashariki, kwenye tambarare za udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hugeuka matope yasiyopitika.

Wakati huo mtaa wa Pumwani ulikuwa na miaka michache tu tangu serikali ya kikoloni iutenge kwa ajili ya Waafrika. Shauri Moyo, Kaloleni, Jericho na Maringo haikuwapo. Buruburu na Umoja ndiyo ilikuwa mbali kabisa, nusu karne mbele. Mwanamume Mwafrika aliyetoka Pumwani kwenda kazini alilazimika kubeba kipande, na asipokuwa nacho alitiwa mbaroni.

Zena alizaliwa upande wa pili wa mpaka huo wa rangi. Familia yake ilikuwa ya Wazungu, na katika damu yake mlichanganyika Uingereza, Ireland na Ufaransa. Babake alipofariki, mama alimchukua binti yake na kuhamia Leicestershire, katikati mwa Uingereza, ambako aliolewa tena. Hivyo msichana huyo akalelewa mbali na mji aliozaliwa, akasomeshwa katika shule ya Kikatoliki ya St Mary's mjini Ascot, kisha akajiunga na chuo cha maigizo cha RADA jijini London, ambacho kimewafunza waigizaji wengi mashuhuri wa Uingereza.

Vita Vikuu vya Pili vilimkuta akiwa msichana mbichi. Alijiunga na ENSA, shirika lililopeleka michezo ya kuigiza na muziki kwa wanajeshi. Huko ndiko alikozoea jukwaa.

Alianza sinema mwaka wa 1945, katika filamu ya Caesar and Cleopatra iliyoongozwa na Gabriel Pascal, ambamo Vivien Leigh alikuwa malkia na Claude Rains akawa Kaisari. Zena alipewa nafasi ndogo ya mwanamke wa Kimisri. Nafasi hiyo haikuwa na uzito, lakini ilimwekea alama ambayo haikufutika. Mabwana wa studio walimtazama, wakaona nywele nyeusi na sura ambayo kwa macho yao haikuwa ya Kiingereza, na tangu hapo wakamtafutia kila mgeni aliyehitajika katika hadithi zao.

Mwaka wa 1948 pekee alionekana katika Miranda, Good-Time Girl na Sleeping Car to Trieste. Mwaka wa 1950 alikuwa miongoni mwa waigizaji wakuu wa Soho Conspiracy, akiigiza mwanamke mwenye jina la Kiitaliano. Zilifuata filamu ndogondogo za miaka ya 1950, zile ambazo zilitangulia filamu kubwa katika kumbi za Uingereza na kusahaulika wiki iliyofuata. Televisheni ilipopata nguvu aliingia huko pia, na miongoni mwa kazi zake ni mfululizo wa ujasusi wa Danger Man ulioigizwa na Patrick McGoohan.

Ni jambo la kustaajabisha kidogo. Mwanamke aliyezaliwa Afrika alifanywa kuwa Mmisri, Mwitaliano na Mchina wa nusu damu, na ugeni huo ndio uliokuwa bidhaa yake sokoni. Lakini sinema iliyomtaka awe mtu wa kila mahali haikuwa na haja na mahali alipotoka hasa.

Wakati Zena akitafuta jina London, mji wake wa kuzaliwa ulikuwa ukibadilika. Aprili 23, 1950, katika ukumbi wa kijamii wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama mbele ya umati na kutaka uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Serikali ilimtia kizuizini mwaka huohuo, na akakaa huko zaidi ya miaka 11. Aprili 1954 wanajeshi wa Uingereza walizizingira nyumba za Eastlands katika Operesheni Anvil, wakawachukua maelfu ya wanaume na kuwapeleka kambini.

Katika miaka hiyo hata sinema ilikuwa na ubaguzi wake. Kumbi za Wazungu hazikuwa za Waafrika, na wadhibiti wa filamu walikuwa na orodha ya picha ambazo mtu mweusi hakutakiwa kuziona hata kama jirani yake mweupe aliruhusiwa. Wakoloni waliogopa kwamba Mwafrika akiona Mzungu akiiba, akidanganya au akipigwa kofi kwenye pazia, heshima yake kwa watawala ingepungua. Waliokaa Eastlands waliletewa sinema za bure kwa magari, nyingi zikiwa za mafunzo ya usafi na kilimo.

Ndipo ukafika mwaka wa 1962, mwaka wa Dr. No.

Watayarishaji Albert Broccoli na Harry Saltzman walikuwa wamepata haki za riwaya za Ian Fleming, na walikuwa na bajeti ya takriban dola milioni moja, kiasi ambacho hakikuwa kikubwa kwa filamu ya aina hiyo. Walimchagua Sean Connery, Mskoti ambaye hakuwa na jina kubwa, na mwelekezi Terence Young. Picha zilianza kupigwa Jamaica mwezi wa Januari, kisha kazi ikahamia studio za Pinewood, magharibi mwa London, mwezi wa Februari na Machi.

Nafasi ya Miss Taro haikukusudiwa Zena kwanza. Alipewa Marguerite LeWars, aliyekuwa mrembo wa Jamaica mwaka wa 1961, akaikataa kwa kuona haya ya mapenzi ya kitandani na mwanamume asiyemjua. LeWars akapewa sehemu ya mpigapicha, na Miss Taro akamfikia mzaliwa wa Nairobi. Wapambaji walimchora macho ili aonekane Mchina, desturi ya sinema za enzi hizo ambayo leo inalaumiwa, na kwa haki, kwa kuwanyima waigizaji wa Kiasia riziki na kuwageuza watu wao kuwa vinyago vya hila na usaliti. Zena alifanya kazi aliyopewa. Lakini anayemsifu leo hana budi kulisema hilo pia.

Katika hadithi, Miss Taro ni karani katika jumba la serikali mjini Kingston. Faili zinazomhusu Dr. No zimetoweka, na Bond anapoufungua mlango ghafla anamkuta bibi huyo nje, akisikiliza. Hamkamati. Anamwomba miadi. Naye anamwelekeza nyumbani kwake milimani, kwenye barabara ambako wauaji wanamsubiri ndani ya gari la kubebea maiti. Gari hilo linaishia bondeni likiwaka moto, na Bond anabisha hodi mlangoni akiwa mzima wa afya.

Hapo ndipo kipaji cha Zena kinapoonekana. Kwa sekunde chache uso wake unapita kutoka mshtuko hadi tabasamu, kutoka tabasamu hadi hesabu. Simu inalia, anaagizwa amzuie mgeni wake, naye anamzuia kwa njia anayoijua. Bond, ambaye ameshauelewa mchezo wote, anajifanya kuita teksi. Inakuja gari la polisi. Miss Taro, alipotambua kwamba mtego wake umemnasa mwenyewe, anamtemea Bond mate usoni kabla ya kuingizwa garini.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa filamu hulitaja kwa fahari. Sauti za wanawake wengi katika Dr. No, akiwemo Ursula Andress anayeibuka baharini, si zao. Ziliingizwa baadaye na Nikki van der Zyl. Zena hakubadilishwa. Sauti ya Miss Taro ni yake mwenyewe.

Sadfa ya tarehe inafaa kukumbukwa. Majuma yaleyale ambapo kamera zilikuwa zikizunguka Pinewood, viongozi wa Kenya walikuwa London, katika jumba la Lancaster, wakijadili katiba kuanzia Februari hadi Aprili 1962. Mmoja wao alikuwa Tom Mboya, mbunge wa Nairobi Mashariki, yaani mwakilishi wa mitaa hiyohiyo ya Eastlands. Filamu ilionyesha koloni la Uingereza lenye gavana, makarani na faili za siri. Ilipozinduliwa London Oktoba 5, 1962, Jamaica ilikuwa imeshajipatia uhuru Agosti 6. Kenya ilifuata Desemba 12, 1963.

Baada ya uhuru milango ya kumbi ilifunguka kwa kila mwenye nauli na pesa ya tiketi. Vijana wa Pumwani na Kariokor walivuka hadi Shan huko Ngara au Liberty kule Pangani. Wengine walikwenda Odeon na Embassy katikati mwa jiji. Bond akawa sehemu ya msamiati wa mitaa. Miaka ya 1980 na 1990 zilikuja kanda za video, na vibanda vya mabati vikajaa watazamaji walioketi kwenye mabenchi ya mbao. Humo kila shujaa aliitwa steringi, na kanuni ilikuwa moja: steringi hafi. Adui ndiye aliyeleta ladha, na adui aliyetabasamu huku akipanga mauaji alikumbukwa kuliko yule mwenye bunduki.

Umaarufu wa Dr. No haukumpa Zena Marshall milki. Mwaka wa 1965 aliigiza tena mgeni, mke wa rubani wa Kiitaliano aliyeigizwa na Alberto Sordi, katika filamu ya vichekesho ya Those Magnificent Men in Their Flying Machines, inayosimulia mashindano ya ndege kutoka London hadi Paris mwaka wa 1910. Filamu yake ya mwisho ilikuwa The Terrornauts ya 1967, hadithi ya wanasayansi wanaotekwa na kupelekwa angani. Alikuwa na miaka 41, umri ambao studio huanza kuwafungia wanawake milango huku zikiendelea kuwapa wanaume wa rika hilo mapanga na farasi.

Aliolewa mara tatu. Mume wa kwanza alikuwa kiongozi wa bendi, Paul Adam. Wa pili alikuwa Mmarekani Alexander Orenstein. Mwaka wa 1991 aliolewa na mtayarishaji Ivan Foxwell, aliyekuwa ametoa The Colditz Story na filamu ya ujasusi ya The Quiller Memorandum. Foxwell alifariki mwaka wa 2002, na Zena akaishi miaka saba zaidi.

Alipofariki mwaka wa 2009, magazeti ya Uingereza yalimwaga kama mmoja wa wanawake wa kwanza wa Bond. Nairobi ilitajwa katika mstari mmoja, mahali pa kuzaliwa, kisha habari ikaendelea. Kufikia wakati huo kumbi nyingi za sinema za jijini zilikuwa zimegeuka makanisa na maduka. Shan ilikuwa imepata maisha mapya kwa jina la Sarakasi Dome.

Je, Eastlands ina haki ya kumwita wake? Mji uliompokea duniani uliwafungia babu za watazamaji hao milango, na hakuna kumbukumbu inayoweza kulifuta hilo. Lakini wajukuu waliiingia milango hiyo, wakaketi, wakalipia tiketi zao, na wakamchagua wenyewe miongoni mwa nyuso nyingi za filamu za zamani. Wakati serikali ya kikoloni ilipoamua nani atazame nini, haikupanga hivyo.

Mfululizo huo wa filamu ulifikisha toleo la 25 mwaka wa 2021, na warembo wengi wamepita. Lakini anayerudi mwanzo, kwenye Dr. No, atafika tu kwenye mlango ule wa jumba la serikali. Utafunguka ghafla, na karani aliyenaswa akisikiliza atajitetea kwamba alikuwa akitafuta faili. Sauti itakayosikika ni ya mzaliwa wa Nairobi.