Marey na Bunduki Isiyoua

Zamani hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika jinsi ndege anavyoruka. Kila mtu alimwona njiwa akipiga mabawa, lakini mabawa hayo huenda mbio kuliko jicho. Basi wenye elimu walishindana kwa maneno tu.

Étienne-Jules Marey alizaliwa mwaka 1830 katika mji wa Beaune, nchi ya Ufaransa. Mwenyewe alitamani kazi ya mitambo, lakini baba yake alitaka awe daktari, naye akatii. Hata hivyo mikono yake haikusahau. Alitengeneza chombo cha kuandika mapigo ya damu ya mtu kwa ncha nyembamba juu ya karatasi iliyopakwa masizi. Kisha akataka ndege naye ajiandikie mwendo wake vivyo hivyo, akamfunga njiwa, na mwewe pia, vyombo vidogo mwilini. Lakini ndege aliyefungwa mzigo haruki kama ndege aliye huru, na Marey alilijua jambo hilo.

Wakati wa baridi alikuwa akikaa Posillipo, karibu na Naples, mji wa Italia ulio kando ya bahari. Huko, mwaka 1882, alitoka na bunduki ngeni. Katika mtutu wake mlikuwa na lenzi ya kupigia picha, na nyuma yake, mahali pa risasi, palikuwa na bamba la kioo lililozunguka mfano wa gurudumu. Shakwe alipopita, Marey alimlenga, akamfuata, akafyatua mtambo. Mara picha 12 zikapatikana katika sekunde moja. Hapakuwa na mshindo, wala ndege hakuanguka. Watu wa pale walimtazama, wakamwita mjinga wa Posillipo. Tusiwalaumu sana: ni mwindaji gani alengaye ndege kila siku, akarudi nyumbani mikono mitupu?

Ila picha zile zilikuwa ndogo mno, na shakwe alionekana kama kivuli tu. Marey hakukubali kuishia hapo. Huko Paris alijenga mahali penye ukuta mweusi, akawarusha mbele yake ndege weupe, hata hali nyingi za bawa zikaonekana katika bamba moja. Ndipo ilipojulikana kuwa bawa linaposhuka haliendi chini tu, bali huenda na mbele pia. Na linapopanda hukunjwa kidogo, lisizuiwe na hewa. Alifanyiza hata sanamu za shakwe, kila moja na hali yake, akazipanga duara ndani ya chombo. Kilipozungushwa, mtazamaji aliona shakwe akiruka kama yu hai.

Mwaka 1890 alitoa kitabu kikubwa juu ya kuruka kwa ndege. Alifariki Paris mwezi wa Mei 1904. Miezi mitano kabla ya hapo, huko Marekani, ndugu wawili wa jamaa ya Wright walikuwa wamekwisha kuruka angani kwa eropleni yenye injini.