Muyaka: Mtetezi Naye Ana Moyo

Kila nipitapo Makadara nikielekea Ngomeni, humkumbuka Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyezaliwa yapata mwaka 1776. Sisi walimu aghalabu humsomesha kama shujaa wa maneno: Wamazrui walipohasimiana na Lamu na Seyyid Said, yeye ndiye aliyewajibu mahasimu kwa tungo kali. Mwaka 1837 Wamazrui waliangushwa, wakuu wao wakahamishwa. Muyaka akaishi miaka yake ya mwisho chini ya utawala aliokuwa ameukejeli, hadi alipofariki yapata mwaka 1840. Tungo zake nyingine zaeleza dhiki, mapenzi na ugeugeu wa dunia. Tuzisomeshe pamoja na zile za vita, wanafunzi watambue kwamba apiganiaye wengine naye huumia.