Ebbinghaus na neno linalokosekana

Sisi tunaosomea ualimu wa lugha hapa Butembo tumejaza mapengo tangu shule ya msingi hadi Exetat. Sentensi inaletwa ikiwa na nafasi tupu, tunatafuta neno linalofaa, tunaendelea na swali linalofuata. Nilidhani zoezi hilo ni la kale kama shule yenyewe. Kumbe lina mwanzo unaojulikana, na mwanzo huo una mtu: Mjerumani Hermann Ebbinghaus. Nilianza kuyafuatilia maisha yake kwa sababu ya mtoto mmoja wa Beni, ambaye nitamrudia mwishoni.

Ebbinghaus alizaliwa tarehe 24 Januari 1850 mjini Barmen, katika familia ya mfanyabiashara. Katika Chuo Kikuu cha Bonn alianza na historia na filolojia, kisha akavutwa na falsafa. Mwaka 1870 vita kati ya Prussia na Ufaransa vilimtoa darasani akawa askari. Aliporudi alimaliza masomo, akapata udaktari mwaka 1873. Baada ya hapo aliishi miaka kadhaa Uingereza na Ufaransa, akijipatia riziki kwa kufundisha. Katika miaka hiyo ya kuhamahama alikutana na kitabu cha Gustav Fechner kilichoonyesha kwamba hisi za binadamu zinaweza kupimwa kwa hesabu. Akajiuliza kama kumbukumbu nayo haiwezi kupimwa hivyo.

Kwa kuwa hakuwa na maabara wala wasaidizi, alijipima mwenyewe. Alitunga silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana, akazikariri orodha baada ya orodha, akiandika ni mara ngapi alirudia na ni kiasi gani alisahau. Matokeo aliyachapisha mwaka 1885. Silabi hizo tupu alizichagua kwa makusudi: maneno halisi huvutana, moja hulikumbusha jingine, na mvutano huo ungeharibu kipimo chake.

Mwaka 1894 alihamia Chuo Kikuu cha Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Wakuu wa mji walikuwa na swali ambalo mzazi yeyote angeuliza. Watoto walisoma asubuhi kwa muda wa saa 5 mfululizo: je, akili zao zilichoka kiasi gani? Ebbinghaus akaombwa kulichunguza. Wanafunzi walipewa vipimo vitatu. Cha kwanza kilikuwa hesabu rahisi, cha pili kukumbuka tarakimu. Cha tatu kilikuwa chake hasa: habari yenye mtiririko ambamo baadhi ya maneno na silabi vilikuwa vimeondolewa, na mtoto alitakiwa kuvirudisha kwa dakika chache.

Alipochapisha kazi hiyo mwaka 1897, swali la uchovu lilikuwa halijapata jibu safi. Lakini mapengo yalikuwa yamefichua jambo jingine. Kuliko vipimo vile viwili, yalitenganisha watoto wakubwa na wadogo, na ndani ya darasa moja yalitenganisha waliofanya vizuri masomoni na waliobaki nyuma. Mtu aliyekuwa ameyakwepa maneno yenye maana sasa aliyahitaji. Aliona kwamba kazi kubwa ya akili ni kuunganisha vipande mpaka viwe kitu kimoja kinachoeleweka. Alfred Binet wa Paris alilichukua zoezi hilo katika vipimo vyake vya mwaka 1905. Mwaka huohuo Ebbinghaus alihamia Halle. Huko alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 26 Februari 1909, akiwa na miaka 59.

Sasa nirudi Beni. Nikiwa huko kwa mazoezi ya kufundisha, niliandika ubaoni: Mama amekwenda sokoni … maharagwe. Nilitaka neno kununua. Mtoto mmoja, ambaye familia yake ilikuwa imekimbia kijiji chao kwa ajili ya mauaji, aliandika kuuza. Nilimpiga mkasi mwekundu bila kumwuliza kitu.

Jioni nikaanza kuona haya. Kwanza, mama aliyekuwa na shamba huenda sokoni kuuza. Sentensi yangu haikumzuia mtoto kufikiri hivyo. Pili, katika Kiswahili chetu cha Kivu watu wengi husema kuuza wakimaanisha kile ambacho vitabu huita kununua, na kinyume chake huitwa kuuzisha. Basi huenda mtoto alielewa sawasawa kama nilivyotaka, akaniandikia neno la nyumbani. Tatu, sikujua alilala vipi usiku uliotangulia, katika nyumba waliyohifadhiwa watu wengi. Swali la Breslau lilikuwa limekaa mbele yangu kwenye dawati, nami nikalisahihisha kama kosa la msamiati.

Ebbinghaus alitoa habari nzima, wala si sentensi iliyosimama peke yake. Hapo ndipo naona funzo kwetu tutakaotunga mitihani. Neno sahihi hutoka katika maneno yanayolizunguka pengo, na maneno hayo huandikwa na mwalimu. Kama ningeandika kwamba maharagwe yamekwisha nyumbani na mama amebeba pesa, maana ingebaki moja. Na mtoto ambaye bado angeandika kuuza angenionyesha mahali pa kuanzia somo: maneno mawili kando kwa kando, la kwetu na la kitabuni, bila kudharau lolote.

Siku iliyofuata nilifuta alama ile, nikamwomba anieleze sentensi yake. Alinieleza kwa urefu kuhusu mama yake, shamba lao na njia ya sokoni. Hakuna pengo hata moja lililobaki.