Regina Leininger, Mateka Aliyerudishiwa Jina Lake

Walutheri wengi wa Amerika wamesimuliwa tangu utoto habari za Regina, binti wa Kijerumani aliyetekwa vitani, ambaye mama yake alimtambua kwa wimbo. Lakini kwa muda mrefu watu walimwita kwa jina la ukoo lisilo lake. Twataka kueleza hapa maisha yake, na jinsi jina lake la kweli lilivyopatikana.

Baba yake aliitwa Sebastian Leininger. Alitoka Ujerumani pamoja na mkewe na watoto, akavuka bahari, akalima shamba karibu na kijito cha Penn's Creek katika Pennsylvania. Wakati ule hapo ndipo palipokuwa mpaka wa makao ya Wazungu. Watoto wakafundishwa nyumbani sala, na maneno ya Maandiko, na nyimbo za kanisa.

Lakini nchi ile ilikuwa na wenyewe. Katika mwaka wa 1737 watawala wa Pennsylvania walikuwa wamejitwalia nchi kubwa ya Wadelaware kwa mapatano ya hila. Tena katika 1754 waliinunua nchi ya Penn's Creek kwa watu wa kabila jingine, Wairoquois, nao Wadelaware waliokaa na kuwinda pande zile hawakuulizwa. Hata vita vya Waingereza na Wafaransa vilipowaka, na jeshi la Waingereza liliposhindwa katika Julai 1755, Wadelaware wengi wakashika silaha pamoja na Wafaransa.

Tarehe 16 Oktoba 1755 wakashuka Penn's Creek. Siku hiyo mama yake Regina alikuwa amekwenda kinuni pamoja na mwana mmoja. Baba akauawa, na kaka mkubwa akauawa, nao mabinti wawili wakachukuliwa mateka: Barbara mwenye miaka 12, na Regina mwenye miaka kama 9 au 10. Mama aliporudi hakukuta mume wala binti.

Baadaye ndugu hao wawili wakatengwa. Barbara alikaa utumwani miaka zaidi ya mitatu. Katika Machi 1759 akatoroka pamoja na Marie Le Roy, binti wa jirani yao aliyetekwa siku ile ile, na vijana wawili wanaume. Wakapita mwituni na kuvuka mito, hata mwisho wa mwezi wakafika ngome ya Pittsburgh. Mwaka huo huo habari zao zikapigwa chapa kwa Kijerumani katika mji wa Philadelphia, pamoja na majina ya mateka waliowaona, ili jamaa zao wapate kujua. Humo Barbara alitaja pia jina la mdogo wake, Regina.

Regina mwenyewe alibaki mbali. Alikaa kwa mwanamke mzee, akafanya kazi ngumu, akavumilia njaa na baridi, akasahau karibu lugha yote ya nyumbani. Lakini sala na nyimbo alizofundishwa hakuziacha; alizikariri mwituni, hata zikabaki moyoni mwake.

Katika vuli ya 1764 Kanali Henry Bouquet alifika na jeshi mpaka mto Muskingum, akawashurutisha wenyeji kurudisha mateka. Wakarudishwa zaidi ya 200. Wengi wao walikuwa wamepata jamaa wapya huko, na wengine walilia kwa kuachana nao. Mwisho wa mwaka huo mateka wakaletwa Carlisle, na watu waliopotewa na wana wao wakaja kuwatafuta.

Yule mama akaja, sasa mjane. Akatazama nyuso, asimwone binti yake; kwa maana alimpoteza mtoto mdogo, na sasa miaka tisa ilikuwa imepita. Binti naye hakumjua. Mama akalia. Kanali akamwuliza kama hana jambo lo lote alilomfundisha mtoto wake zamani. Ndipo akauanza wimbo waliouimba nyumbani, wenye kumfariji aliyeachwa peke yake. Mara binti mmoja akatoka katika kundi, akaimba pamoja naye, akamwangukia shingoni.

Mwanzoni mwa 1765 wote wawili walimwendea Mchungaji Henry Melchior Mühlenberg huko Philadelphia, kutafuta Biblia na kitabu cha nyimbo, maana Regina alivitamani sana. Mchungaji aliandika habari hizo katika taarifa zake zilizopelekwa Halle, Ujerumani, lakini jina la ukoo hakuliandika.

Pengo hilo likazaa kosa. Katika karne ya 19 Mchungaji Reuben Weiser alitunga kitabu juu ya Regina, akamwita Hartmann, na watu wakalishika jina hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtafiti mmoja, H. M. M. Richards, wa uzao wa Mühlenberg mwenyewe, akaweka taarifa ya mchungaji kando ya masimulizi ya Barbara, akayapima. Katika yote mawili mama amekwenda kinuni na mwana mmoja. Baba na mwana mkubwa wameuawa. Mabinti wawili wametekwa, na mmoja ni Regina. Basi, akaonyesha kwamba nyumba hizo mbili ni nyumba moja, ya Leininger.

Hivyo Regina alipotea mara mbili. Mara ya kwanza alipatikana kwa sababu mama alimfundisha wimbo. Mara ya pili kwa sababu dada yake aliandika jina. Walimu wa dini, ninyi mnaoandika vitabu vya ubatizo na vya wafu, kumbukeni jambo hili. Andikeni jina la mtoto, na la baba, na la mama, na la kijiji. Na msilolijua, msilijaze kwa kubuni. Huenda mjukuu asiyezaliwa bado atakuja kulitafuta.